Uzito wa Gunia Tupu

Bando la usiku linaanza saa sita.
Saa sita kasorobo mimi nipo juu ya kichuguu
nyuma ya ghala la chama, hapa Mahuta,
ushungi kichwani, simu mkononi,
naokota mtandao kama mtu aokotaye korosho gizani:
kwa kupapasa.

Miaka arobaini na sita, wajukuu wawili,
mwanafunzi namba mia tatu na kumi na tisa
wa stashahada ya masafa.
Mwalimu simjui sura. Namjua kikohozi.
Hukohoa kabla ya kila swali
kama mgeni anayepiga hodi.

Nilipochezwa unyago hapakuwa na masafa.
Ngoma ilikuwa mlangoni, jasho lao usoni mwangu,
somo akanishika kidevu, akakielekeza chini:
"Ya wakubwa hayaulizwi, hupokewa."
Nikapokea.
Nikatoka na kanga mpya na jina jipya
na shingo inayojua njia moja.

Zoezi la nne lilikuja Jumanne, mstari mmoja tu:
Taja jambo unaloliamini ambalo hujawahi kulipima.

Nilicheka peke yangu kichuguuni.
Kupima? Mie, karani wa mizani?
Misimu kumi na mitatu napima,
za Nanyanga, za Luagala, za Mdimba,
nimepima hata vichanga vya kliniki
mwaka ule mzani wao ulipoanguka.
Kipi kilichonipita?

Siku tatu naandika, nafuta.
Niliandika Mungu, nikafuta, nikaomba radhi.
Niliandika mume wangu,
nikafuta haraka zaidi.

Ijumaa akaja Esha Nandonde,
gunia moja, juu ya baiskeli ya kuazima.
"Themanini na mbili," ukasema mzani.
"Themanini," ukaandika mkono wangu.
Kilo mbili za gunia. Ndivyo ilivyo.
Ndivyo marehemu Mkwemba alivyoniachia,
pamoja na kalamu, na funguo, na kiti chenye mguu mbovu.

Esha akaondoka. Kalamu haikuondoka pale kwenye sifuri.

Magunia matupu yalikuwa miguuni pangu.
Nimeyakalia. Nimeyalalia mchana wa Ramadhani.
Nimemfunika nalo mjukuu siku ya mvua.
Kuliweka pale juu, peke yake, tupu,
sijawahi.

Nikaliweka.

Kilo moja.

Nikalishusha, nikalikung'uta, nikalirudisha.
Kilo moja.
Nikachukua jingine, lenye kiraka.
Kilo moja, na mshale ukitetema kidogo
kama unaoona haya kwa niaba yangu.

Nikaanza hesabu: msimu mmoja, magunia mangapi,
mara kumi na tatu...
Nikakwama kwenye magunia tisa ya mama,
mwaka wa msiba wa baba.
Alinishukuru, mama. Alisema,
"Heri mzani ushikwe na damu yangu."

Usiku ule sikuandika majibu ya zoezi.
Nilikaa kichuguuni mpaka bando likaisha
likiwa halijatumika,
nikamchukia yule mtu wa kikohozi
ambaye hajui gunia, hajui Mahuta,
hajui kwamba kuna swali likiingia nyumbani
halitoki bila kuvunja chombo.

Asubuhi mwenyekiti akaniita.
"Kilo moja? Nani kakufundisha hayo?"
"Gunia."
"Hakuna aliyelalamika."
"Najua, mwenyekiti. Hata mimi sikulalamika."
Akatazama daftari. Akatazama mlango.
Mpaka leo hajanijibu, wala hajaninyang'anya kalamu.

Jumatatu Esha akarudi na gunia la pili.
Themanini na mbili, kama lile.
Nikaandika themanini na moja, nikamsomea.
Akakunja uso, akasogea mezani:
"Umekosea, mwanangu. Andika themanini,
kama siku zote, usije ukafukuzwa kazi."
Kidevu chake kilikuwa kimeinama.
Nilikijua kile kidevu.

Nikainama nikatwaa gunia tupu.
Nikakohoa.
"Mama Nandonde," nikasema,
"hebu lishike hili kwanza."